Kwa Bi Kwa Nini, Mwaka Mmoja Baada ya Jumatano Ile

Mwaka mzima umepita, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile ulipoacha chai nusu kikombe mezani ukasema utaimalizia ukirudi. Hukurudi. Kiharusi kilikukuta kwenye korido ya hospitali, kati ya wodi ya watoto na chumba cha kozi, daftari likiwa mkononi. Muuguzi aliyekuwa nyuma yako alituambia hukuanguka kwa kishindo. Uliegemea ukuta, ukateremka taratibu mpaka chini, kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu.

Mumeo alitoa sharti moja kabla ya tangazo hili kuandikwa: lianze kwa kusema kwamba ulikuwa unaimba vibaya. Basi tunasema. Uliimba vibaya sana. Uliimba ukipiga pasi koti lako jeupe, uliimba ukitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwako, na jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa akikusikia tu, anaongeza sauti ya redio. Siku hizi redio yake iko chini. Juzi alituuliza mlangoni tunaendeleaje, akasema nyumba yenu imekuwa kimya mno, akaondoka haraka kabla hatujayaona machozi yake.

Mdogo wako, fundi cherehani, ndiye aliyepewa kalamu, kwa hiyo ukiona maneno yamezidi unajua wa kumlaumu. Binti yako, daktari kama wewe, tulimwomba akae kando. Yeye kila akishika kalamu anaandika ripoti ya wodi.

Tunakukumbuka ulivyoingia katika familia hii kwa swali. Mumeo alikuwa mpima ardhi kijana, anajiona, ana kofia mpya. Siku moja alikusimulia kama mzaha kwamba amesimika jiwe la mpaka hatua mbili ndani ya kiwanja cha watu, na mwenye kiwanja hana habari. Alitegemea ucheke. Wewe ukamuuliza, "Kwa nini bado liko pale?" Kesho yake mlirudi wawili na sururu, mkaling'oa, mkalisimika panapostahili, na mwenye kiwanja akawakaribisha maji ya kunywa bila kuelewa kilichomleta huyo daktari wa kike mwenye matope magotini. Mumeo anasema siku hiyo alijua mambo mawili: kwamba atakuoa, na kwamba maisha yake ya raha yamekwisha.

Hospitalini walikuita profesa mbele yako, na nyuma yako wakakuita Bi Kwa Nini. Ulilijua hilo jina na ulilipenda, ingawa ulijifanya hulisikii. Ulikuwa daktari bingwa wa watoto, lakini kazi uliyoizungumza mezani kwetu mpaka mboga zikapoa ilikuwa ile kozi yako ya miaka miwili, ya kuwafundisha madaktari bingwa vijana uongozi na utafiti. Watu walikukejeli. Daktari anafundishwa uongozi wa nini, kwani anagombea udiwani? Ulijibu kwamba daktari akishasimama mbele ya kitanda na watu wanne nyuma yake wanasubiri aseme, tayari ni kiongozi, na kinachobaki ni kama yeye mwenyewe ana habari.

Walikupa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Kilikuwa na meza ndefu yenye mguu mfupi, ukaukingia boksi la dawa lililokunjwa mara nne. Hapo kila Jumatano, baada ya kupitia wagonjwa, madaktari tisa walikaa na madaftari yao, na kikao kilikuwa na sheria moja tu. Kila mtu anasoma kosa lake la wiki, akianza kwa neno "Nilikosea", na mkubwa ndiye anayeanza.

"Akianza mdogo, hajakiri huyo, ameshtakiwa," uliwaambia.

Ukawa wa kwanza kufungua daftari lako. Nilikosea, nilimkaripia muuguzi mbele ya mgonjwa na muuguzi ndiye aliyekuwa sahihi. Nilikosea, nilisaini ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wangu bila kusoma kurasa mbili za mwisho, nilikuwa na haraka. Yule daktari mnayemwita Mrefu alitueleza kwenye msiba kwamba mara ya kwanza kukusikia alidhani ni mtego. Ilimchukua miezi mitatu kusoma kosa la kweli, na aliposoma ulimwambia tu, "Asante. Anayefuata." Alisema alitoka mle akiwa mwepesi kama aliyevuliwa koti la mvua.

Hayo ndiyo tuliyoyajua juu yako mpaka wiki sita zilizopita. Tungeweza kuishia hapo. Tangazo lingekuwa fupi, picha yako ingepata nafasi kubwa zaidi, na kila mtu angelala.

Wiki sita zilizopita mkuu wa idara alimpigia simu binti yako. Unamjua, ni mwanafunzi wako wa kwanza kabisa, na kiti chako cha Jumatano anakikalia yeye sasa. Alisema kwamba siku ya kutimiza mwaka chumba cha kozi kitapewa jina lako. Kutakuwa na picha, na kisanduku cha kioo ukutani, na ndani ya kioo wangependa kuliweka lile daftari ulilokuwa nalo siku ile.

Mkoba wako ulikuwa kabatini kwa mumeo, kwenye rafu ya juu, kama ulivyorudishwa. Hakuna aliyekuwa ameufungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, mumeo yuko nje anamwagilia maua kwa bidii ambayo maua hayakuiomba. Binti yako alikaa ukingoni mwa kitanda chenu, akatoa miwani, akatoa peremende tatu zilizogandana, akatoa daftari. Alitaka tu kuchagua ukurasa mzuri wa kuonyesha kwenye kioo. Akakuta mmoja umekunjwa pembe. Tarehe yake ilikuwa miezi saba kabla hujafa.

Uliandika hivi: "Nilikosea. Watoto kumi na mmoja wa utafiti wetu wa siku tatu hawakupatikana kwa simu siku ya kumi na nne. Kwenye hesabu zetu wameandikwa wazima. Hakuna aliyewaona wakiwa wazima."

Wasomaji wa tangazo hili hawaujui huo utafiti, na ni haki yao waujue. Miaka sita iliyopita mtoto mwenye nimonia kali alikuwa akikaa wodini siku tano, anachomwa sindano za dawa. Vitanda havikutosha, watoto walilala wawili wawili, wakaambukizana. Ukafanya utafiti kuona kama siku tatu zingetosha, kisha mtoto aende nyumbani na dawa za kunywa: wengine walikaa tano, wengine tatu, na siku ya kumi na nne kila familia ilipigiwa simu kuulizwa mtoto yukoje. Jibu likawa zinatosha. Jarida likalichapisha, hospitali ikabandika karatasi ya agizo hilo ukutani katika wodi zote tatu za watoto, na ukaufundisha kwenye kozi kama mfano wa utafiti mdogo uliofanywa vizuri. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa unatafuta mafaili yake ya zamani kwa ajili ya somo. Hapo ndipo ulipoona fomu kumi na moja ambazo visanduku vyake vya siku ya kumi na nne, mzima, amerudi hospitali, amefariki, vyote vilikuwa havijatiwa alama.

Ulianza kuwatafuta mwenyewe, kimya kimya. Kwenye daftari kuna mistari kumi na moja yenye namba za fomu, na mbele ya kila mmoja umeandika ulichokipata. Tisa uliwapata. Watano wako hai. Wanne walifariki ndani ya wiki moja baada ya kutoka wodini, na wote wanne walikuwa wa siku tatu. Chini yake, kwa mwandiko uliobanana, kuna mstari mmoja ambao binti yako aliusoma, akaufunika kwa kiganja, akausoma tena.

"Aliyejaza ni mwanangu. Aliyepaswa kukagua ni mimi."

Alikumbuka yote kwa mpigo. Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, yuko likizo, ukamwomba akusaidie kuingiza fomu kwenye kompyuta. Alikaa pale kwenye meza ya kulia siku nne. Programu ilikuwa haikubali kisanduku kitupu, inapiga kelele na kukataa kwenda fomu inayofuata. Akawaza, huyu kama angekuwa amekufa si wangetupigia wenyewe? Akabonyeza "mzima", akaenda inayofuata. Mara kumi na moja. Wewe ulikuwa jikoni unaimba. Alipomaliza ulimkumbatia ukasema ameokoa mwezi mzima wa kazi.

Mumeo aliingia na viatu vyenye udongo, akamkuta mwanawe amekaa vilevile, mchana ukielekea jioni. Akasoma. Mumeo husoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Akalifunga daftari akalirudisha mkobani.

"Litabaki humu," alisema. "Watapewa lingine."

"Baba, karatasi bado iko ukutani. Jana tu nimemruhusu mtoto siku ya tatu."

"Marehemu hawezi kujitetea."

"Mimi niko hai, na mimi ndiye niliyejaza."

"Ndiyo maana nasema libaki humu!"

Hajawahi kumpigia kelele huyu mtoto tangu azaliwe, unajua. Kifungua mimba ni yeye na kitinda mimba ni yeye, hakuna mwingine wa kugawana naye. Mdogo wako alipigiwa simu aje kuamua, akaja na sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni, na tunaandika hapa kwa aibu kwamba alimuunga mkono shemeji yake. Alisema jina la mtu likishachafuka gazetini hakuna sabuni yake. Alisema mwacheni dada yangu alale.

Jumatatu binti yako alikwenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi yako, yule aliyekuwa nyuma yako koridoni. Alitaka kujua jambo moja tu, kama uliwahi kulisema kwa mtu.

Muuguzi aliangalia mlango kwanza. "Kusema hakusema. Lakini miezi ile ya mwisho, watoto wa wodi yetu alikuwa anawashikilia siku tano. Wodi nyingine mbili zinaendelea na tatu, sisi tano. Nikamuuliza, profesa, kwa nini wetu wanabaki?"

"Akasemaje?"

"Akaniambia nimletee faili linalofuata."

Hapo ndipo tulipokukasirikia, mpendwa wetu, na tunakuambia waziwazi kwa sababu ulituzoesha hivyo. Uliwalinda wako, ukaziacha wodi mbili ziendelee. Miezi saba. Jumatano baada ya Jumatano uliketi kwenye meza ile, ukasema nilikosea, nilichelewa kikao, nilikosea, nilisahau jina la mzazi, na pembe ya ule ukurasa imekunjwa. Wewe uliyewauliza watu wote swali hilo hilo, ulipoulizwa wewe ukaitisha faili.

Tunajua ulikuwa unamkinga nani. Hilo ndilo linalotunyima usingizi. Ungekuwa unajikinga mwenyewe tungekuchukia kidogo, tupumzike. Na hatujui, wala hatutajua kamwe, kama Jumatano ile ya mwisho pembe ile ulikuwa umeikunja ili uusome ukurasa au uupite tena.

Binti yako alikwenda kwa mkuu wa idara. Si mtu mbaya. Alisoma ukurasa akiwa amesimama, kisha akakaa, akavua miwani.

"Binti yangu, bodi ya chuo inakaa mwezi ujao kuamua kama kozi iendelee au ifungwe. Wapo wanaotafuta sababu. Sherehe ipite, bodi ipite, halafu tuliandikie jarida kwa utulivu."

"Na watoto wa wiki hii?"

"Nitaziambia wodi ziwe waangalifu."

"Waangalifu wa nini, kama hawajui?"

Akavaa tena miwani. Akasema, "Yeye mwenyewe alisubiri miezi saba." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeomba ruhusa.

Jumatano ikafika. Tunaisimulia kama Mrefu alivyotusimulia, kwa sababu binti yako akiulizwa anasema tu "nilisoma". Walikuwa tisa mezani, na binti yako, ambaye si wa kozi, ameomba kiti cha mwisho; boksi la dawa bado liko chini ya mguu. Mkuu wa idara akaanza, kama sheria inavyotaka. Alisema alikosea, alijibu barua ya mtu kwa hasira. Akamgeukia Mrefu.

"Samahani," binti yako akasema. "Mkubwa wetu hajasoma."

Kila mtu akamtazama mkuu wa idara, kwa sababu mkubwa si ndiye aliyetoka kusoma sasa hivi? Binti yako akaweka daftari lako juu ya meza. Wote walilijua, lile lenye jalada la bluu lililobandikwa plasta ya kidonda mgongoni. Mkuu wa idara angeweza kusema kikao kimefungwa. Mrefu anasema mkuu alisogeza mikono yake ili daftari lipate nafasi.

Binti yako akasoma ukurasa mzima, namba zote, mpaka ule mstari wa chini. Kisha akafungua daftari lake mwenyewe.

"Nilikosea. Nilijaza visanduku kumi na kimoja ambavyo sikuwa na cha kujaza. Nilidhani kisichojulikana ni kizuri."

Hakuna aliyesema "Asante. Anayefuata." Hakuna aliyejua hiyo ni kazi ya nani sasa. Daktari mmoja, ambaye Alhamisi iliyopita alimruhusu mtoto siku ya tatu, alisimama akatoka bila kuaga, wakamsikia akikimbia kwenye korido kuelekea wodini kuitafuta namba ya simu ya mama wa mtoto.

Saa sita mchana yule muuguzi kiongozi alikuwa ameshapanda kiti kwa mkono wake na kuzibandua karatasi zote tatu.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo. Jarida limeandikiwa barua, mkuu wa idara ameisaini, na huyo tunamvulia kofia. Sherehe imefutwa. Chumba hakina jina. Kozi imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na wale tisa, waliokuwa wamebakiza miezi minne wahitimu, wako njia panda. Wawili kati yao hawamsalimii binti yako. Mmoja alimwambia kwenye ngazi, "Ungesubiri bodi tu. Mwezi mmoja!" Naye akaendelea kupanda, kwa sababu aliwaona kichwani watoto ambao wangerudishwa nyumbani mapema mwezi huo, na yule daktari aliwaona wenzake wanane, na wote wawili hawakuwa wanaona uongo. Binti yako mwenyewe ameandikiwa barua, na jina lake litajadiliwa kwenye uchunguzi huo. Anakwenda kazini kila siku. Amekonda. Anakula akiwa amesimama, kama wewe.

Na kila jioni akitoka kazini anakaa kwenye ile ile meza ya kulia, anapiga simu. Zile familia nne zilikuwa hazijaambiwa, mpendwa wetu. Uliwapigia, ukauliza mtoto yuko wapi, ukapewa jibu, ukatoa pole. Uliandika mbele ya fomu namba sitini na tatu: "Mama yake ameniuliza, daktari, mbona leo?" Hukuandika ulimjibu nini.

Alipompigia huyo mama mumeo alikuwepo, amejifanya anasoma gazeti. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni imeharibika, ndiyo maana sote tulisikia.

"Nakumbuka," yule mama alisema. "Alinipigia daktari mwanamke, mtu mzima. Akaniuliza mwanangu hajambo, nikamwambia mwanangu alifariki siku ya nne baada ya kutoka kwenu. Akalia. Lakini hakuniambia alichotaka."

Binti yako alimweleza. Alimweleza bila maneno ya kidaktari: kwamba walikuwa wanajaribu kuona kama siku tatu zinatosha, kwamba kwa mtoto wake hazikutosha, kwamba kifo chake hakikuhesabiwa, na kwa kuwa hakikuhesabiwa watoto wengine waliendelea kurudishwa nyumbani mapema.

Tukasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Mimi nilichelewa kumrudisha," yule mama akasema. "Alianza kuhema usiku, nikasema ngoja kupambazuke. Mume wangu alisema ni mimi. Mama mkwe akasema ni mimi. Miaka sita najua ni mimi."

"Si wewe, mama. Ni sisi."

"Rudia."

"Si wewe. Alitoka wodini kabla ya wakati. Ni sisi."

"Utamwambia mume wangu? Ukimwambia wewe ataamini. Subiri, usikate, yuko nje, namwita." Tukasikia viatu vikiburuzwa haraka sakafuni, mlango, na jina la mwanamume likiitwa kwa nguvu, mara mbili, tatu.

Mumeo alikunja gazeti. Akatoka, akasimama kwenye maua yako muda mrefu. Aliporudi, simu ilikuwa imeisha na binti yako ameweka kichwa mezani. Akamwekea mkono mgongoni.

"Jiwe bado liko kwenye kiwanja cha watu," alisema. "Andikeni. Wekeni gazetini, pale pale tulipotangaza kifo chake. Ila muanze na kuimba."

Ndiyo sababu ya tangazo hili, na ndiyo sababu limekuwa refu. Wale wawili uliokufa hujawapata, mmoja amepatikana. Ni msichana, yuko darasa la pili, ana mapengo, na aliposikia anatafutwa na daktari alijificha chini ya kitanda akidhani ni sindano. Amebaki wa kumi na moja.

Wewe unayesoma, sasa tunakugeukia. Jina lake hatulitaji. Ni mvulana, alikuwa na miezi kumi na minne. Alitoka wodi ya watoto siku ya Ijumaa asubuhi, amebebwa na bibi yake, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bendeji. Profesa aliandika pembeni mwa fomu kwamba mtoto alikuwa na kofia ya sufu ya kijani na alikataa kabisa kuivua hata akipimwa. Simu waliyoiacha ilikuwa ya jirani, na jirani alihama. Ikiwa ni mwanao, au mjukuu wako, au mtoto wa mpangaji wenu, njoo wodini umuulizie muuguzi kiongozi. Ikiwa yuko mzima, tungependa tu kumwona. Ikiwa hayupo, kuna jambo unalostahili kuambiwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini ulichelewa.

Binti yako ameziandika upya fomu zote kumi na moja, mpendwa wetu, kwa kalamu, kwenye karatasi, mbali na kompyuta yoyote inayopiga kelele. Kumi ameshazijaza. Kisanduku cha yule wa kofia ya kijani amekiacha kitupu.

Tunakukumbuka sisi tulio wako: mumeo, mpima ardhi mstaafu, ambaye ameyasoma haya yote kwa kidole na kusahihisha idadi ya hatua za lile jiwe; binti yako, daktari; mdogo wako wa cherehani, ambaye alikosea; muuguzi wa korido; Mrefu na wale wa meza ya mguu mfupi waliokubali kuwekwa hapa, sita kati ya tisa.

Tumekukasirikia na tumekusamehe, na bado hatujamaliza lolote kati ya hayo mawili. Tutakukumbuka siku zote kama muuguzi alivyokuona mara ya mwisho: umeshika kosa lako mkononi, unaelekea chumba cha kozi.